Kuhamisha Bahari Iliyo Ndani ya Kioo: Tangi la Maji ya Bahari na Safari Yake Kariobangi

Istilahi "maji ya chumvi" haina maana moja katika Afrika ya Mashariki. Kwa mvuvi wa Shimoni au Kikambala, maji ya chumvi ni bahari. Kwa mkazi wa Kariobangi na mitaa mingine ya Eastlands jijini Nairobi, maji ya chumvi aghalabu ni maji ya kisima kirefu, yale yauzwayo kwa mtungi wa lita 20 siku ambazo mfereji umekauka. Hutumiwa kufulia na kudekia, na mzazi anayejali meno ya wanawe hawapi wayanywe. "Maji baridi" nayo yana utata wake. Pwani huweza kuwa maji yasiyo na chumvi, ya mto au ya kisima, ilhali bara husikika moja kwa moja kuwa maji yaliyopoa. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hizi huzaa kicheko. Katika kazi itakayoelezwa hapa huua.

Kazi yenyewe ni kuhamisha tangi kubwa la maji ya bahari, pamoja na samaki, matumbawe na viumbe wengine waliomo, kutoka nyumba moja hadi nyingine. Yamkini msomaji atauliza Kiswahili na tangi la samaki ni wapi na wapi. Jibu ni kwamba takriban kila kiumbe anayeishi ndani ya tangi la namna hiyo alikuwa na jina la Kiswahili kabla hajawekewa bei dukani. Kitatange, kangaja, mkunga, bunju, jongoo bahari, shumu na kiti cha pweza ni majina ya wavuvi, wala hayakubuniwa na kamati yoyote ya istilahi. Upande wa kemia, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kwa hiyo msamiati upo. Kilichokosekana ni mazoea ya kuutumia kueleza kazi ya mikono kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na makala haya yanakusudia kufanya hivyo kwa mfano mmoja.

Mfano wenyewe ni huu. Ichukuliwe kwamba mkazi wa Kariobangi South ana tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 150, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60, na kwamba anahamia Umoja, mwendo wa kilomita chache tu. Tangi la vipimo hivyo likijaa hubeba lita 540. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji ya mfereji, kwa kuwa lita moja ina uzito wa takriban kilo 1.025, na hivyo maji peke yake yana kilo 550 na ushei. Kioo cha unene wa milimita 12 huongeza takriban kilo 100. Ukitia mawe, mchanga na meza ya chuma, jumla hukaribia kilo 750. Uzito huo unatosha kueleza kwa nini kanuni ya kwanza ya kazi hii haina mjadala: tangi halihamishwi likiwa na maji, hata yawe ya kina cha shubiri moja. Maji hayatulii. Yanapoyumba husukuma kioo upande mmoja, kisha mwingine, na gundi ya silikoni iliyoshika pembe haikutengenezwa kuhimili msukosuko huo. Tangi linaweza kufika likionekana zima, kisha likaanza kuvuja usiku wa tatu.

Uhai wa tangi uko wapi?

Wengi hudhani kwamba uhai wa tangi umo katika maji, na kwa hiyo jitihada zao zote huelekezwa katika kuokoa maji. Dhana hii ina ukweli nusu. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia nyingine. Amonia ni sumu hata ikiwa kidogo sana. Baharini huchukuliwa na mkondo na kuzimuliwa na ukubwa wa bahari wenyewe, lakini ndani ya lita 540 haina pa kwenda. Kinachowanusuru samaki ni bakteria. Kundi moja hula amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi. Bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi. Hujishikiza juu ya mawe, katika mchanga na ndani ya chujio, wakiwa utando mwembamba usioonekana kwa macho.

Mkazi wa Kariobangi hahitaji kwenda mbali kuona kanuni hiyo ikifanya kazi. Mitambo ya majitaka ya Kariobangi, ambayo harufu yake imekuwa sehemu ya sifa ya mtaa huo kwa miongo mingi, husafisha kwa njia iyo hiyo. Majitaka hunyunyizwa juu ya vitanda vya mawe, na juu ya mawe hayo hukua utando wa bakteria unaoila taka maji yanapotiririka kuelekea chini. Tangi la samaki sebuleni na mitambo ile kando ya mto Nairobi ni ndugu wa baba mmoja, ingawa mmoja huonyeshwa wageni na mwingine huzibiwa pua.

Basi anayehamisha tangi anahamisha, kwanza kabisa, makoloni ya bakteria. Mawe yakikauka, bakteria hufa. Yakimwagiwa maji ya mfereji yenye klorini, hufa vilevile, kwani klorini hutiwa kwa kusudi hilohilo la kuua vijidudu. Chujio la mkebe uliofunikwa likizimwa likiwa limejaa maji, bakteria walio ndani humaliza oksijeni kwa saa chache, wakaanza kufa, na atakayeliwasha tena baadaye atamimina uozo huo juu ya samaki wake. Chujio hufunguliwa, sifongo zake zikawekwa katika ndoo yenye maji ya tangi, na ndoo hiyo ikaachwa wazi ipate hewa.

Haimaanishi kwamba maji ya zamani hayana thamani. Samaki na matumbawe wameyazoea, na kuyabakiza ni njia rahisi ya kuwaepusha na mshtuko. Ukiweza kuhifadhi nusu au zaidi, ni vyema. Lakini anayelazimika kuchagua kati ya kubeba maji na kubeba mawe yakiwa mabichi, na achague mawe.

Maji ya kuongezea

Sehemu ya maji itamwagika tu. Yale ya chini kabisa, yenye tope, hayafai kubebwa. Kwa hiyo maji mapya hutengenezwa mapema, na hapa ndipo utata wa "maji ya chumvi" unapodai haki yake. Maji ya kisima cha Nairobi huitwa ya chumvi kwa sababu ya ladha na ugumu wake wa kutoa povu, wala hayana uhusiano na bahari. Aghalabu yana floridi nyingi, na meno ya rangi ya kahawia katika maeneo yanayotegemea visima ni ushahidi wa kutosha. Mwenye tangi akiwaagiza vijana wa mkokoteni wamletee mitungi kumi ya maji ya chumvi, watamletea walichoagizwa kwa Kiswahili cha mtaa wao, na hawatakuwa na kosa.

Yanayofaa kuanzia ni maji ya mfereji, ambayo sehemu kubwa hutoka katika bwawa la Ndakaini, yakiachwa siku moja au mbili katika pipa wazi huku pampu ikipuliza hewa ndani yake ili klorini itoroke. Afadhali zaidi ni maji yaliyochujwa kwa mtambo, kama yale ya kunywa yauzwayo madukani. Kisha hutiwa chumvi, na si chumvi ya jikoni. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Chumvi ya kawaida ni kama asilimia 85 ya hizo. Zilizosalia ni magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na nyinginezo, na matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu hiyo. Chumvi ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, hutoka baharini kweli, lakini ufundi wa kuivuna ni ufundi wa kuitenga chumvi ya kula na hizo nyingine, ambazo hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Kwa maneno mengine, kiwanda hutupa kile hasa ambacho tangi linakihitaji. Hununuliwa chumvi iliyotayarishwa kwa ajili ya matangi, na kwa kila lita 100 huhitajika kilo tatu na nusu au zaidi kidogo. Huchanganywa siku moja kabla ya safari, maji yakikorogwa na pampu, kisha hupimwa kwa hidromita hadi isome 1.025 au kipimo kilekile cha tangi la zamani. Kipimo cha zamani ndicho cha kufuatwa. Samaki aliyezoea 1.022 hasaidiwi kwa kutumbukizwa ghafla katika 1.026 kwa kuwa kitabu kimesema hivyo.

Nyumba mpya

Mizigo mingine ya nyumbani huweza kupangwa baada ya kufika. Tangi hupangiwa mahali kabla halijaondoka. Kanuni za ujenzi za Kiingereza, ambazo wahandisi wa Kenya wamezitumia kwa miaka mingi, huikadiria sakafu ya nyumba ya kuishi kubeba takriban kilo 150 katika kila mita mraba. Tangi la mfano huu huweka kilo 750 juu ya eneo lisilofika mita mraba moja. Si kwamba sakafu itapasuka papo hapo, maana mhandisi hukadiria mzigo wa chumba kizima wala si wa kona moja. Hata hivyo, hesabu hiyo inadai tangi liwekwe kandokando ya ukuta unaobeba jengo au juu ya boriti, na si katikati ya chumba. Orofa ya chini ni bora kuliko zote. Tahadhari hii isichukuliwe kuwa woga wa wasomi. Huruma, mtaa unaopakana na Kariobangi, ndiko jengo la ghorofa lilikoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, likaua takriban watu 50. Halikuangushwa na tangi la samaki, lakini mpangaji wa Eastlands ana kila sababu ya kutoliamini jengo kwa kuwa tu limesimama.

Meza ya tangi huweza kuundwa Kariobangi kwenyewe. Mafundi wa Light Industries huchomelea kila kitu, kuanzia milango hadi vipuri vya mashine, na meza ya chuma cha pembe ni kazi ndogo kwao. Linalopaswa kusisitizwa ni mambo mawili. La kwanza ni rangi ya kuzuia kutu, kwa kuwa chumvi hula chuma bila huruma. La pili ni pimamaji. Meza isipokuwa sawasawa, upande mmoja wa tangi hubeba mzigo wa mwenzake kila siku, na kioo huweka kinyongo. Chini ya tangi hutandikwa kipande cha sponji ngumu ili chembe ya mchanga iliyosahauliwa isije ikawa kabari.

Si kila anayehama Kariobangi hupata nafasi ya kupima sakafu. Mnamo Mei 2020, katika eneo la Kariobangi North lililo karibu na mitambo ya majitaka, maelfu ya watu walibomolewa nyumba zao kwa matingatinga, wakati wa kafyu ya korona na katika msimu wa mvua. Yanayoelezwa hapa yanamhusu anayehama kwa hiari yake na kujua tarehe.

Siku ya safari

Siku moja au mbili kabla, samaki hawalishwi. Samaki mzima hadhuriki kwa kufunga kwa muda huo, na asiyekula hachafui ndoo. Ni desturi ileile ya wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wa pwani ya Kenya, ambao kwa miongo kadhaa wamekuwa wakipokea samaki kutoka kwa wapiga mbizi na kuwapeleka ng'ambo kwa ndege. Samaki hufungishwa kwanza, kisha kila mmoja hutiwa katika mfuko wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mifuko ikapangwa katika masanduku ya plastiki povu yanayohifadhi joto. Kwa hakika kila kitatange aliye katika tangi la bara amekwisha kuhamishwa mara kadhaa kabla ya mwenye tangi kumwona, na aliye hai leo ni yule aliyesafirishwa na mtu anayejua kazi.

Ndani ya Nairobi, hata hivyo, ndoo ni bora kuliko mfuko. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya, lakini hiyo si sababu pekee, wala si kubwa. Sababu kubwa ni ya kikemia. Samaki aliye katika mfuko uliofungwa hutoa amonia na vilevile hewa ya kaboni dioksaidi. Hewa hiyo huyafanya maji kuwa na uchachu, na katika maji yenye uchachu amonia nyingi hugeuka kuwa katika hali isiyodhuru sana. Mfuko unapofunguliwa, kaboni dioksaidi hutoroka, uchachu hupungua, na amonia hurudia ukali wake. Ndiyo maana samaki aliyesafiri saa nyingi mfukoni haachwi humo mfuko ukiwa wazi, akidondoshewa maji mapya pole pole kwa saa nzima. Mwenye kumhurumia hivyo ndiye anayemuua. Huyo husawazishiwa joto mfuko ukingali umefungwa, kisha hutolewa upesi. Lakini samaki wa Kariobangi anayekwenda Umoja katika ndoo ya maji yake mwenyewe, huku pampu ndogo ya betri ikimpulizia hewa, hayumo katika hatari hiyo, na anaporudishwa katika maji yaleyale hahitaji kuzoezwa chochote isipokuwa joto.

Hewa ni jambo la kutiliwa mkazo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Maji ya bahari yenye nyuzijoto 25 huweza kushika takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita pale pwani. Hapa Nairobi hushika kama 5.5. Samaki wa miamba ya Shimoni amezaliwa na kukulia katika kiwango cha kwanza. Ndani ya tangi lenye pampu nzuri hatambui upungufu sana, lakini ndani ya ndoo iliyofunikwa, katika foleni ya barabara ya Outer Ring, upungufu huo ndio unaoamua. Kwa hiyo anayesoma maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani ya Ulaya au Marekani, akaambiwa samaki huweza kukaa kwenye ndoo saa kadhaa bila pampu, apunguze saa hizo.

Ugumu mwingine ni joto. Samaki na matumbawe wa bahari yetu hutaka nyuzi 24 hadi 27, na usiku wa Julai jijini Nairobi huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Ndoo ya lita 20 hupoa haraka sana ikilinganishwa na tangi. Kwa hiyo safari hupangwa adhuhuri, ndoo zikafungiwa mablanketi au kuwekwa katika masanduku ya plastiki povu, na chupa za maji moto zikawekwa kando yake, nje ya ndoo. Joto la kupita kiasi nalo lina hatari yake. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto la nyuzi chache tu kupita kawaida wakati wa El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilipauka na kufa. Chupa ya maji yanayochemka ikitumbukizwa ndani ya ndoo hufanya kazi ileile kwa dakika tano.

Mpangilio wa kutoa vitu tangini ni kama ifuatavyo, na sababu zake zi wazi. Umeme huzimwa kwanza, hasa wa kifaa cha kupasha maji joto, kwa kuwa kikibaki wazi nje ya maji kingali cha moto hupasuka. Maji safi ya juu huvutwa kwa mpira hadi katika mitungi na mapipa yasiyowahi kubeba sabuni wala mafuta. Kisha hutolewa matumbawe, kisha mawe, na samaki huwa wa mwisho. Anayeanza kwa kuwakimbiza samaki kwa wavu mawe yakiwa bado yamo atawakimbiza adhuhuri yote, na samaki waliochoka kwa woga ndio hufa njiani. Mawe yakishatoka na maji yakibaki ya kina cha viganja viwili, samaki hukamatwa bila purukushani.

Viumbe hawa hawachukuliwi kwa namna moja. Kangaja ana mwiba mkali kama wembe kwenye shina la mkia, nao hunasa katika wavu na kutoboa mfuko. Hukingiwa kwa bakuli badala ya wavu. Mkunga hutambaa nje ya ndoo yoyote isiyo na kifuniko. Bunju akivutwa nje ya maji huweza kujijaza hewa na asiweze kuitoa, basi huhamishwa akiwa ndani ya maji. Samaki mwenye umbo la sanduku, na jongoo bahari pia, huweza kutoa sumu akisumbuliwa na kuua wote walio naye, kwa hiyo kila mmoja hupewa ndoo yake. Matumbawe huvumilia zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, matumbawe ya miambani hubaki hewani kwa muda na kusubiri maji yajae. Tumbawe lililofunikwa kwa gazeti lililolowa maji ya bahari hustahimili safari fupi. Sifongo haistahimili. Ikiingiwa na hewa katika vitundu vyake huanza kuoza kutoka ndani, kwa hiyo mawe yenye sifongo husafirishwa yakiwa yamezama, hata kama yataongeza uzito.

Mchanga ni habari nyingine. Katika tangi la miaka mingi, mchanga wa chini hujenga tabaka jeusi lisilo na oksijeni, lenye gesi inayonuka kama yai viza. Ukivurugwa, gesi hiyo na taka za miaka hutoka kwa pamoja. Mwenye busara huchota mchanga wa juu, kiasi cha vikombe vichache, kwa ajili ya bakteria na wadudu wake, na uliosalia huuosha kabisa au huununua upya. Ubahili katika jambo hili umeangamiza matangi mengi kuliko foleni.

Kuhusu usafiri wenyewe, pikapu hutosha. Kioo hulazwa juu ya godoro, kisimamiwe na watu wawili, na ndoo za samaki zikae ndani pamoja na abiria, si nyuma katika upepo. Wapo watakaoucheka mkokoteni. Lakini kwa mwendo wa ndani ya mtaa mmoja, mkokoteni wenye magurudumu ya mpira haukwami katika foleni, na vijana wanaousukuma wana uzoefu wa kubeba vioo vya kabati kila mwisho wa mwezi. Muhimu ni kuwaeleza mapema kwamba mitungi iliyomo si ya kuuzwa wala ya kumwagwa ili kupunguza mzigo, na kwamba ndani yake ni maji ya bahari. Neno "bahari" litajwe. "Chumvi" halitoshi.

Baada ya kufika

Tangi hukitwa mahali pake, likapimwa kwa pimamaji, likatiwa mchanga, mawe na maji ya zamani, kisha maji mapya. Chujio na pampu huwashwa mara moja. Mwenye umeme wa kukatikakatika aweke pampu ya betri karibu usiku huo wa kwanza. Samaki hubaki katika ndoo zao, wakipuliziwa hewa, hadi joto la tangi lirudi katika nyuzi 24 au 25. Lita 540 hazipati joto kwa nusu saa, na hapa ndipo subira ya wengi inapoisha. Anayehofia kuchelewa hupasha moto maji mapya kwenye mapipa tangu asubuhi, ili baridi isimkute saa mbili usiku samaki wangali ndooni.

Taa haiwashwi siku hiyo. Gizani samaki hutulia, na ugomvi hupungua. Mawe yamebadilishwa mahali, hakuna tena anayejua pango lake ni lipi, na hata mbabe wa zamani hana eneo la kulinda. Wenye tangi lenye samaki mkorofi huifurahia hali hii, kwani ndiyo nafasi ya pekee ya mnyonge kujipatia makao.

Siku zifuatazo hupimwa amonia na nitriti kila asubuhi. Baadhi ya bakteria wamekufa njiani, na baadhi ya viumbe vidogo vya mawe vimekufa pamoja nao na kuanza kuoza, basi mzigo umeongezeka huku wabebaji wakiwa wamepungua. Samaki hulishwa kidogo, mara moja kwa siku au hata siku mbili. Amonia ikionekana, robo ya maji hubadilishwa kwa maji yaliyokwisha kuchanganywa. Kwa hiyo pipa moja la akiba huachwa limejaa tangu siku ya kuhama, likikorogwa kwa pampu pembeni ya sebule, na wenye nyumba hulizoea. Kwa kawaida vipimo hutulia ndani ya wiki mbili au tatu, bakteria wanapozaana na kurudia idadi yao, na kabla ya hapo hakuna samaki mpya anayeongezwa.